Taa Inayowaka Jua Likiwa Utosini

Mtu yeyote aliyeendesha gari katika barabara za Tanzania au Kenya anaijua ishara hii. Unapita katika mji mdogo saa sita mchana, jua li utosini. Mtu aliyesimama kando ya barabara anakunyooshea mkono, anafumba vidole na kuvifumbua, anafumba tena na kuvifumbua. Dereva wa lori linalokuja mbele yako anafanya vivyo hivyo dirishani. Mwingine hangoji ishara, anapaza sauti: "Taa! Taa!" Wanakwambia umesahau kuzima taa. Hawakujui, lakini wanakuonea huruma usije ukamaliza betri ukalala njiani. Nimekumbushwa hivyo mara nyingi, na kila mara nimezima upesi na kuinua mkono kushukuru.

Kumbe zipo nchi ambako kosa ni kuzizima. Huko taa za mbele huwaka zenyewe mara injini inapoanza kunguruma, hata jua liwe kali namna gani, na dereva haguswi na habari hiyo. Ndizo taa za mchana. Hazimwoneshi dereva njia, kwani njia anaiona. Zinamwonesha yeye kwa wengine. Historia yake ni ya wazo dogo lililoanza kama ombi kwa madereva, likawa sheria juu ya dereva, kisha likawa sheria juu ya gari lenyewe. Safari hiyo ilichukua kama nusu karne, na katika kila kituo swali lilikuwa lile lile: mzigo wa kukumbuka abebe nani?

Ombi la Texas

Mwaka 1961, katika jimbo la Texas nchini Marekani, gavana aliunga mkono kampeni ya kuwaomba madereva wawashe taa mchana kwa hiari yao. Kwenye barabara ndefu ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ajali inayotisha kuliko zote ni ya dereva anayechomoka kulipita gari lililo mbele yake, akakutana uso kwa uso na mwenzake ambaye hakumwona, au alimwona akadhani bado yuko mbali. Kampuni ya mabasi ya Greyhound nayo ilijiunga na waliowasha. Mwaka 1964 Merrill Allen, mtaalamu wa macho wa Chuo Kikuu cha Indiana, alichapisha na mwenzake utafiti wa kutetea taa za mbele zinazowaka muda wote gari linapotembea.

Haikuwa ajabu kwamba hoja hii ilishikwa na mtu wa macho. Jicho la binadamu huona kwa ufasaha katika eneo dogo mno la katikati, si pana zaidi ya kidole gumba ukikitazama huku umenyoosha mkono. Nje ya hapo halisomi umbo wala halitambui gari ni la nani. Linachofanya ni kushtuka pale kitu kinapotofautiana na kilichokizunguka. Gari la kijivu juu ya lami ya kijivu, chini ya mawingu ya kijivu, halimshtui mtu. Likiweka nukta mbili nyeupe mbele yake, jicho hugeuka kabla hata mwenye jicho hajajua kwa nini amegeuka.

Jeshi la majini la Marekani lilikuwa limeijua siri hiyo kwa upande wake wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mradi ulioitwa Yehudi, ndege ya kivita ya Avenger ilifungwa taa zilizoelekea mbele, mwanga wake ukarekebishwa ulingane na ule wa anga iliyo nyuma yake. Ndege ambayo bila taa ilionekana kwa macho ikiwa umbali wa kilomita 11 hivi, iliweza kusogea hadi chini ya kilomita 3 kabla ya kutambuliwa. Iliwashwa taa ili ifichike. Hapo ndipo ilipo sayansi yote ya taa za mchana: mwanga unaolingana na mandhari huficha, mwanga unaoizidi hufichua. Ndiyo maana taa ndogo za kuegeshea gari, zinazotosha usiku, hazifai kitu mchana. Jua huzimeza.

Jua la Kaskazini

Ombi la Texas halikugeuka kuwa desturi ya Marekani nzima. Wazo lilipata makao mbali sana na hapo, katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, na anayetaka kujua sababu alitazame jua lao. Mjini Helsinki, katika siku fupi za Desemba, jua huonekana kwa muda usiofika saa sita, na hata adhuhuri hukaa nyuzi kama sita tu juu ya upeo, yaani kule ambako kwetu linakuwa muda mfupi baada ya kuchomoza. Jua la namna hiyo humpiga dereva machoni siku nzima. Gari linalotokea upande wake huwa kivuli cheusi, na linalotokea kwenye msitu wa misonobari hupotelea ndani ya weusi wa miti.

Mwaka 1972 Finland iliwataka madereva wawashe taa mchana wakati wa baridi, katika barabara zilizo nje ya miji. Watafiti walipohesabu, mwaka 1976, walieleza kwamba ajali za mchana zilizohusisha zaidi ya mtumiaji mmoja wa barabara zilipungua kwa asilimia 21 katika barabara hizo. Mwaka 1982 sheria ikawa ya mwaka mzima, na mwaka 1997 ikaingia mijini.

Sweden ilikata shauri kwa mara moja. Tangu tarehe 1 Oktoba 1977, kila gari liliwasha taa, katika kila barabara, majira yote ya mwaka. Ni nchi iliyokwisha kuthubutu makubwa zaidi: miaka kumi kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, ilihamisha magari yote kutoka kuendeshwa kushoto kwenda kulia. Taa hizo Waswidi waliziita *varselljus*, taa za kutoa taarifa, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko majina mengi yaliyofuata.

Miongoni mwa waliozisemea alikuwa Kåre Rumar, mtafiti wa Sweden aliyetumia miaka yake kuchunguza jinsi madereva wanavyoona. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1990 alitoa hoja kwamba kosa la msingi la dereva ni kuchelewa kugundua. Ukimsikiliza dereva aliyetoka kwenye ajali ya kugongana, mara nyingi atakwambia hakumwona mwenzake, au alimwona pale breki zilipokuwa hazina tena la kufanya. Huenda hasemi uongo. Macho yake yalikuwa wazi na barabara ilikuwa mbele yake, ila hakuna kilichomshtua kwa wakati.

Nyuzi mbili katika balbu moja

Sheria juu ya dereva ina udhaifu wake. Usiku, giza lenyewe humkumbusha mtu kuwasha. Mchana, ukiwasha taa huoni tofauti yoyote mbele yako, kwa hiyo hakuna kinachokukumbusha kuwasha, wala kinachokukumbusha kuzima unapoegesha. Asubuhi betri imekufa. Volvo na Saab, watengenezaji wa Sweden, waliichukua kazi hiyo kutoka kwenye kichwa cha dereva na kuikabidhi waya.

Chukua balbu ya taa ya pembeni ya mbele ya Volvo 240. Ni kioo cha mviringo chenye kitako cha shaba, na ubavuni mwa kitako kuna vipini viwili vidogo visivyolingana kimo, ili mtu asiweze kuichomeka kinyume. Ukiinua dhidi ya mwanga utaona ndani yake nyuzi mbili. Mmoja, mwembamba, ni wa wati 5, wa kuegeshea gari usiku. Wa pili ni wa wati 21, na huo ndio wa mchana. Ukizungusha ufunguo, umeme unakwenda kwenye rilei, ambayo ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Rilei inafunga njia, uzi wa wati 21 unawaka pande zote mbili. Ukiwasha taa kubwa, uzi huo unazimika. Ukitoa ufunguo, kila kitu kinalala. Dereva hakumbuki lolote, na gari halisahau.

Fundi umeme yeyote ataona hesabu iliyomo humo. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110, bado hujahesabu taa za nyuma, ya namba na za dashibodi, na umeme huo wote unatoka kwenye mafuta, kwa sababu altaneta inazungushwa na injini. Nyuzi mbili za wati 21 ni wati 42.

Norway ilifuata katika miaka ya 1980: kwanza ikayadai magari mapya yawe na taa zinazojiwasha, kisha mwaka 1988 ikayataka magari yote yawashe. Iceland nayo ilianza mwaka huo, na Denmark mwaka 1990. Uingereza ilijaribu njia yake. Kuanzia mwaka 1987 iliyataka magari mapya yawe na mtambo wa kupunguza mwanga, ili dereva wa mjini asiweze kutembea na taa za kuegeshea peke yake. Injini ikiwaka, taa kubwa nazo ziwake kwa nguvu ndogo. Mwaka 1988 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza haikuwa na haki ya kulikataa gari la nchi nyingine kwa kukosa mtambo ambao kanuni za pamoja hazikuutaja. Jaribio hilo likaishia hapo.

Volti sita kwa sita

Wazo la taa zinazojiwasha likavuka bahari hadi Kanada. Kila gari jipya lililotengenezwa kuanzia tarehe 1 Desemba 1989 kwa ajili ya soko la nchi hiyo lilipaswa kuwa na taa za mchana zinazojiwasha. Sheria haikumwambia dereva chochote. Iliongea na kiwanda, na ikakiachia kiwanda kichague: taa za pekee, taa kubwa zilizopunguzwa nguvu, au hata taa za kuonyesha kona.

Kampuni ya General Motors ilipata ufumbuzi wa bei nafuu ambao bado unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kawaida kila balbu ya taa kubwa hupata volti 12 zake, haigawani na mwenzake. Katika magari yake mengi, rilei ya taa za mchana ilizifunga nyuzi za full, yaani za mwanga wa mbali, kwa mfuatano: umeme unapita balbu ya kushoto, ukitoka unaingia ya kulia, ndipo urudi kwenye betri. Zikagawana volti 12, kila moja 6. Ungetarajia mwanga upungue kwa nusu. Lakini uzi wa balbu hung'aa kwa sababu ya joto, na joto likishuka kidogo tu mwanga huporomoka. Kwa nusu ya volti, unabaki kama sehemu moja ya kumi. Ule weupe mkali wa full unageuka manjano tulivu ya mshumaa, hauumizi macho kama full yenyewe, na balbu inayofanya kazi kwa upole hivyo huishi maisha marefu. Dosari yake ni kwamba moja ikiungua, zote mbili zinazimika, kama shanga za uzi mmoja.

Marekani yenyewe, ilikotoka kampeni ya 1961, ilichelewa. General Motors iliomba ruhusa mwaka 1990, na serikali kuu ikaitoa mwaka 1993, bila kulazimisha. Magari ya kampuni hiyo yakaanza kutoka na taa hizo katika matoleo ya mwaka 1995, na kufikia yale ya 1997 zikawa za kawaida. Katika magari mengi ya Amerika Kaskazini, ukivuta breki ya mkono kabla ya kuwasha injini, taa hubaki zimezimwa, ukiishusha, zinawaka. Gari linajua kwamba lililoegeshwa halina wa kumtaarifu.

Ubishi wa wasomi, kilio cha pikipiki

Si wote waliokubali. Mwaka 1981 uchunguzi wa Sweden ulieleza kwamba baada ya sheria ya 1977, ajali za mchana za zaidi ya mhusika mmoja zilipungua kwa asilimia 11. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Uholanzi, Jan Theeuwes na Johan Riemersma, waliifungua upya hesabu hiyo na kusema ushahidi hautoshi. Mwaka uliofuata Rune Elvik wa Norway alizikusanya tafiti 17 na kuzipima kwa pamoja, akaona kwamba gari linalowasha taa mchana hupunguza ajali zake za namna hiyo kwa kati ya asilimia 10 na 15. Kisha mwaka 2008 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikachapisha uchunguzi wake na kusema kwamba kwa jumla haikuona athari ya kuthibitika.

Mwenye kutaka jibu moja atachoka. Lakini Mholanzi mwingine, Matthijs Koornstra, pamoja na wenzake, waliona mwaka 1997 kitu kinachosaidia kuelewa tofauti hizo: faida ya taa za mchana huongezeka kadiri nchi inavyokuwa mbali na ikweta. Jua lilivyo la chini ndivyo taa inavyokuwa na kazi zaidi. Finland na Texas hazina mchana mmoja.

Kilio kingine kilitoka kwa waendesha pikipiki. Wao walikuwa na desturi ya kuwasha taa mchana tangu zamani, na ndiyo iliyowatenga na msururu wa magari. Kila gari likiwasha, nani ataiona taa moja katikati ya mbili mbili? Wengine waliwahofia watembea kwa miguu na wapanda baiskeli wasio na taa yoyote. Austria iliyawekea magari yote sharti la taa mchana Novemba 2005, na tarehe 1 Januari 2008 ikalifuta.

Taa inapojifunza

Ubishi haukuizuia Ulaya. Agizo lililotolewa Septemba 2008 lilisema kwamba kila aina mpya ya gari dogo itakayoidhinishwa kuanzia tarehe 7 Februari 2011 iwe na taa maalumu za mchana. Malori na mabasi yakafuata mwaka 2012. Kanuni za kimataifa ziliweka vipimo: mwanga mweupe, usiopungua kandela 400 kwa kila taa, na usiozidi 1,200. Nchini Marekani, kwa taa zinazotumia full iliyopunguzwa, kiwango cha juu ni kandela 7,000, na ndiyo maana madereva wengi wa huko walilalamika kwamba zinawachoma macho kwenye kioo cha nyuma.

Wakati huohuo balbu ya uzi ilikuwa inaaga. Mwaka 2004 Audi ilitoa gari la A8 lenye injini ya silinda 12 likiwa na taa za mchana za LED. LED hula umeme kidogo sana, huweza kudumu umri wa gari, na huweza kupangwa mstari, pembe au upinde. Ndipo kifaa cha usalama kikawa uso wa gari. Leo mtoto anaweza kulitaja gari kwa jina kutokana na mchoro wa taa zake tu.

Katika gari la sasa, kazi ya rilei imeingia kwenye kompyuta. Inangoja kwanza injini iwake, ili betri isinyang'anywe nguvu wakati wa kupiga stata. Kisha inapeleka umeme kwenye taa, na ikitaka kupunguza mwanga inaukata na kuurudisha mamia ya mara kwa sekunde, kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Ukitoa ishara ya kukata kona, katika magari mengi taa ya mchana ya upande huo hufifia au huzimika ili ile ya njano isifunikwe. Juu ya dashibodi, karibu na kioo, sensa ndogo inapima mwanga wa nje. Jua likizama, au gari likiingia kwenye handaki, taa kubwa zinawaka na za mchana zinajiondoa.

Walau ndivyo inavyokuwa gari likiwa na sensa. Si yote yanayo, na hapo ndipo mzigo wa kukumbuka ulipojirudisha kwa mlango wa nyuma. Taa za mchana kwa kawaida ni za mbele tu. Dereva anaingia jioni, dashibodi inang'aa, mbele yake lami inapata mwanga kiasi, anaamini taa zake zinawaka. Nyuma yake gari ni giza tupu. Nchini Kanada wameyaita magari hayo mizuka, na kwa magari mapya tangu Septemba 2021 sheria inakitaka kiwanda kichague moja kati ya matatu: taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana, au gari liwashe taa zote lenyewe giza linapoingia, au dashibodi ibaki giza, dereva ashtuke aulize kulikoni.

Mkono wa kando ya barabara

Magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na huko taa za mchana za kiwango cha Ulaya ziliruhusiwa Oktoba 2016 tu. Kwa hiyo tunaendesha magari ambayo, kwa sehemu kubwa, hayajui kuwaka yenyewe. Na jua letu si la Helsinki. Dar es Salaam iko nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, na kwa hesabu ya Koornstra sisi ndio wenye faida ndogo kuliko wote.

Lakini mchana wetu nao una giza lake. Kuna vumbi la barabara ya changarawe nyuma ya lori, ambamo gari lililo mita thelathini mbele limefutika. Kuna mvua ya masika inayogeuza saa tisa alasiri kuwa magharibi. Kuna mvuke wa joto juu ya lami, unaolifanya gari la fedha linalokuja lionekane kama kidimbwi cha maji. Na kuna jua la saa kumi na mbili asubuhi na jioni, ambalo kwa dakika zake chache ni la chini sawasawa na lile la kaskazini. Siku hizi, nikikutana na mojawapo ya hayo, nawasha taa kubwa mwenyewe, dim, kwa vidole vyangu. Mara nyingi ninaonywa. Ninainua mkono kushukuru kama zamani, na taa naziacha zikiwaka.

Kinachonifikirisha zaidi ni saa moja jioni. Magari mapya yenye taa za mchana yameanza kuingia kwetu, na nimekwisha kuwa nyuma ya moja, katika barabara kuu isiyo na taa, mbele yake lami ikiwa nyeupe na nyuma yake hakuna hata nukta nyekundu. Nililigundua nikiwa karibu mno. Wanaokuja mbele waliliona limewaka na hawakuwa na la kumwambia dereva wake. Mimi niliyeona lililokosekana nilikuwa nyuma yake, mahali ambapo mkono wangu haukuweza kuonekana. Nilimmulika kwa full mara mbili, nikapunguza mwendo, nikamwachia nafasi. Baada ya kitambo kirefu zile nyekundu mbili zikawaka.